Siku 20 za Francis Rotch: kisa cha chai ya Boston na mikono iliyoshika shoka

Ukimuuliza mtu aliyesoma historia kidogo ni nani walimwaga chai ya meli baharini pale Boston, mji wa makoloni ya Uingereza kule Marekani, usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, atakwambia Samuel Adams, akijitahidi ataongeza John Hancock na Paul Revere, basi, kamaliza. Mi hiki kisa nimekirudia mara nyingi na kila nikikirudia naona mtu wa kuanza naye sio hata mmoja kati ya hao. Ni kijana wa miaka 23 anaitwa Francis Rotch, familia yao wa dhehebu la Quaker, wale watu wa amani ambao habari za vita hawataki hata kuzisikia, na kazi yao ilikuwa nyangumi, kuvua na kuuza mafuta yake. Huyu dogo hakuwa na ugomvi na mfalme, hakuwa na ugomvi na wanaharakati waliopinga ushuru wa Uingereza, tatizo lake lilikuwa moja tu, alikuwa na meli.

Meli yenyewe iliitwa Dartmouth. Ilishapeleka mafuta ya nyangumi London na si unajua biashara ya meli, kurudi tupu ni hasara, kwa hiyo ikapakia mzigo wa kurudi nao Boston, na ndani ya huo mzigo kukawa na masanduku 114 ya chai ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza. Mzigo wa kawaida kabisa. Humohumo melini kulikuwa na vitabu vya mashairi vya Phillis Wheatley, dada aliyeletwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto, kutoka Afrika Magharibi, kwenye meli ya watumwa iliyoitwa Phillis na wakampa jina la hiyohiyo meli. Vitabu vyake vilichapwa London vikaja na chai. Watu waliopiga kelele mwezi mzima kwamba wanafanywa watumwa wa bunge la Uingereza walikuwa wanaziangalia hizo shehena mbili zikiwa gati moja, na ni moja tu iliyowanyima usingizi. Napita tu.

Sasa shida ya chai ilitoka wapi. Mwaka 1767 bunge la London liliweka ushuru kwa vitu kadhaa vinavyoingia makoloni ya Marekani, vioo, rangi, karatasi, madini ya risasi na chai. Watu wakagoma kununua, ikawa vurugu, wanajeshi wakaletwa Boston, na tarehe 5 Machi 1770 wakapiga risasi umati, wakafa watu 5, wa kwanza kutajwa kila siku ni Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji asilia. Mwaka huohuo bunge likafuta ushuru wote ukabaki wa chai peke yake, peni 3 kwa kila ratili, na waliubakiza makusudi kabisa, ili ijulikane kwamba haki ya kuwatoza wanayo hata kama hawaitumii sana.

Halafu Kampuni ya India Mashariki ikayumba. Stoo zake London zimejaa chai mamilioni ya ratili, madeni yamefika shingoni, na wakubwa wengi serikalini na bungeni wana hisa humo. Ndo ikapitishwa Sheria ya Chai Mei 1773, kampuni ikaruhusiwa kupeleka chai yake moja kwa moja Marekani bila kupitia kwa madalali wa London na ikasamehewa kodi za Uingereza, ila zile peni 3 za kule ng'ambo zikabaki palepale. Matokeo yake chai ikawa rahisi. Ndio, rahisi! Kuna watu wengi wanadhani walimwaga kwa sababu chai ilipanda bei, hapana, ilishuka, ilikuwa inaenda kushindana hata na ile ya magendo iliyotoka kwa Waholanzi.

Kwa nini ukasirikie chai ya bei chee? Hapa sababu zinachanganyika na mtu akikwambia ilikuwa ni suala la kanuni tu au ilikuwa ni suala la hela tu ujue kuna nusu anakuficha. Wapo walioamini kweli kwamba ukinywa kikombe kimoja chenye zile peni 3 umekubali kutozwa na bunge ambalo huna mbunge ndani yake, leo chai kesho ardhi. Na wapo matajiri waliokuwa wanakula kwenye magendo, hao mzigo wa bei ndogo ungewafunga maduka (Hancock mwenyewe meli yake iliyoitwa Liberty ilishakamatwa na forodha mwaka 1768, kwa hiyo mambo ya ushuru na yeye walikuwa wanajuana vizuri). Juu ya hapo kampuni haikumuuzia kila mtu, ilichagua mawakala wachache wa kupokea mzigo kila bandari, ukiwa hujachaguliwa umekatwa.

Na Boston walichaguliwa kina nani? Richard Clarke na wanawe, Benjamin Faneuil, Joshua Winslow, na halafu Thomas na Elisha Hutchinson. Hao wawili wa mwisho ni watoto wa gavana. Gavana Thomas Hutchinson, ambaye mshahara wake tangu mwaka uliotangulia ulikuwa umehamishwa, haulipwi tena na baraza la jimbo, unalipwa na mfalme kutoka kwenye makusanyo ya forodha, ikiwemo hiyohiyo chai. Yaani mzee anasimamia sheria ya chai, analipwa na ushuru wa chai, na wanawe ndio wauzaji wa chai.

Ila nimtendee haki kidogo maana hakuwa mgeni wala katili. Alizaliwa hapohapo Boston mwaka 1711, kaandika historia ya jimbo lake mwenyewe, na Agosti 1765 kwenye vurugu za kodi ya stempu umati uliingia nyumbani kwake usiku wakang'oa mpaka kuta za ndani, wakamwaga karatasi zake za utafiti barabarani. Mtu aliyeokota kurasa za kitabu chake kwenye tope hawezi kuwa mwepesi wa kuurudia umati na kuuambia sawa mmeshinda. Alishaapa moyoni kwamba safari hii harudi nyuma.

Basi Dartmouth ikatia nanga tarehe 28 Novemba 1773, na hapo ndo mtego wenyewe ulipofunga. Sheria ya forodha ilisema meli ikishaingia na kuandikishwa, mwenye mzigo ana siku 20 za kulipa ushuru, zikipita bila malipo forodha inakamata mzigo na inaweza kuushusha kwa nguvu na kuuza. Kwa hiyo kalenda ilikuwa inajulikana na kila mtu mjini, mwisho ni tarehe 17 Desemba. Wanaharakati wanataka meli irudi London na chai yake bila kushushwa hata sanduku moja. Meli haiwezi kuondoka bila karatasi ya forodha. Forodha haitoi karatasi mpaka mzigo ushushwe na ushuru ulipwe. Ukitaka kutoroka bila karatasi kuna ngome ya Castle William na mizinga yake, na nje kuna manowari za Admirali Montagu. Mtu pekee wa kuruhusu meli ipite ngome ni gavana, na gavana anasema siwezi kutoa pasi kwa meli ambayo haina karatasi ya forodha. Unaona duara lilivyokaa.

Katikati ya duara kuna Rotch. Akishusha chai, umati utamla yeye na meli. Akiondoka nayo bila kibali, meli itapigwa mizinga au itakamatwa, na hiyo meli ndo mtaji. Mawakala wenyewe, wenye mzigo, walishakimbilia ngomeni kujificha wakamwachia kijana msala. Wananchi wakaweka walinzi 25 gatini pale Griffin's Wharf, usiku na mchana, sio kulinda chai isiibiwe ila kulinda isishushwe. Desemba mwanzoni ikafika meli ya pili, Eleanor, baadae Beaver ambayo nayo ni ya kina Rotch, na ilikuja na ndui ndani ikabidi itengwe kwanza kwenye kisiwa. Ya nne iliitwa William, hiyo ilivunjikia Cape Cod haikufika kabisa.

Nimeangalia mizunguko ya Rotch wiki ile ya mwisho na kusema ukweli nikamhurumia. Anaitwa na kamati anaulizwa kwa nini meli haijaondoka. Anaitwa mkutanoni anaambiwa nenda forodha kaombe kibali, tena wanamsindikiza ili asijifiche njiani. Forodha wanamwambia njoo kesho. Kesho wanamwambia hapana. Halafu tarehe 16, Alhamisi, mvua inanyesha na baridi ya Desemba, watu kama 5,000 wamejaa ndani na nje ya kanisa la Old South, kwenye mji wenye wakazi 16,000 hivi, ingawa wengine walitoka vijiji vya jirani, wanamwambia panda uende Milton kwa gavana, kamuombe pasi uso kwa uso, sisi tunakusubiri hapahapa. Milton ni kama kilomita 11. Akaenda.

Fikiria hilo saa la jioni. Watu wamekaa toka asubuhi, giza limeingia, wamewasha mishumaa kanisani, hotuba zinaendelea. Josiah Quincy, wakili kijana aliyekuwa anaumwa kifua, anawaonya kwamba kelele za humu ndani sio mwisho wa jambo, kuna mapambano makali yanakuja nyuma yake. Kama saa 12 jioni Rotch anaingia kalowa, anasema gavana kakataa. Wanamuuliza, utairudisha meli London na chai ikiwa ndani? Anajibu hapana, itakuwa ni kujifilisi. Utashusha chai? Anajibu ikiwa wenye mamlaka watamlazimisha atajaribu, kwa ajili ya usalama wake mwenyewe. Jibu la mtu mkweli aliyebanwa kila upande, wala hakujaribu kuwapamba.

Ndo anasimama Samuel Adams anasema mkutano huu hauna la kufanya tena kuiokoa nchi. Vitabu vingi vya shule vinakwambia hiyo ilikuwa ishara ya siri, ametamka tu na watu wakatoka mbio na shoka. Ukifuatilia dakika zenyewe haikai hivyo. Baada ya yeye kusema ilipita kama robo saa ndipo mayowe yakasikika mlangoni, na kina Adams na Hancock wanatajwa wakiwatuliza watu wabaki ndani, na daktari Thomas Young akasimama kutoa mhadhara kuhusu madhara ya chai kwenye mwili wa binadamu! Nje huko watu wanaelekea gatini na huyu bwana anaeleza chai inavyoharibu afya. Mi nasoma hapo naona ni watu waliohitaji kuonekana. Mashahidi elfu kadhaa wanaweza kuapa kwamba wakati masanduku yanavunjwa Adams, Hancock na Young walikuwa kanisani. Kwa mtu ambaye akishikwa anaweza kujibu kesi ya uhaini, hiyo nafasi ya mbele kanisani ni bora kuliko wakili.

Sasa twende gatini, maana huko ndiko kisa kinanoga. Na huko mtu wangu ni George Robert Twelves Hewes, fundi viatu, miaka 31, maskini wa kutupwa. Alishawahi kufungwa kwa deni la koti. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 155, na ujanani alipotaka kujiunga na jeshi la mfalme alikataliwa kwa ufupi, akaenda kwa mafundi wenzake akavaa visigino virefu na soksi juu ya soksi akarudi kupimwa tena, wakamshtukia. Mwaka 1770 siku ya mauaji yeye alikuwepo, baharia James Caldwell alipopigwa risasi aliangukia mikononi mwake. Hotuba hakuwahi kutoa hata moja.

Usiku ule kwa maelezo yake mwenyewe alijifunga vazi la kama Mhindi Mwekundu, akaingia kwa mhunzi akajipaka vumbi la makaa usoni na mikononi, akashika shoka dogo. Wenzake wengi walifanya hivyohivyo, blanketi na masizi, walijiita Wamohawk, jina la kabila la wenyeji asilia, lakini usidhani kuna aliyedanganyika, wengine walijipaka tu masizi usoni wakaingia. Walikuwa kati ya watu 100 na 150, na wengi wao vijana, wanagenzi wa mafundi, maseremala, wapakia mizigo, watu wanaojua kapi na kamba zinavyofanya kazi. Hilo watu hawalisemi. Sanduku moja la chai ya Bohea lina uzito wa kilo zaidi ya 150, limefungwa kwa bati la risasi ndani, liko chini kabisa kwenye ngama ya meli. Mwanasheria hawezi kulitoa pale. Wanatakiwa watu wa bandari.

Wakagawanyika makundi matatu, meli moja kila kundi. Kundi la Hewes kiongozi ni Lendall Pitts, mtoto wa mfanyabiashara, na Hewes akafanywa serahangi, msimamizi wa mabaharia, kisa eti anajua kupiga mluzi vizuri, basi! Akatumwa kwa nahodha wa meli kudai funguo za ngama na mishumaa dazeni moja. Nahodha akatoa vyote palepale, akaomba kitu kimoja tu, wasiharibu meli wala kamba zake. Wakakubali na wakatimiza. Masanduku yanavutwa juu ya sitaha, yanapasuliwa kwa shoka, chai inamwagwa, na sanduku lenyewe linafuata. Ndani ya masaa matatu hivi kazi imeisha. Masanduku 340 hivi, zaidi ya ratili 92,000, ni kama tani 42, thamani kampuni iliyopiga ni pauni 9,659. Mali nyingine haikuguswa, kuna kufuli moja la nahodha lilivunjwa kwa bahati mbaya wakamletea jipya.

Na chai yote ile ilikuwa ya China, chai ya Assam ilikuja kuuzwa karne iliyofuata huko, watu huwa wanachanganya kwa sababu ya jina la kampuni.

Shida wasiyoitegemea ilikuwa maji. Maji yalikuwa yamekupwa, kina ni kidogo, chai ikaanza kujirundika kando ya meli kama majani ya ng'ombe, ikabidi wanagenzi washuke waisukume na kuisambaza. Kesho yake asubuhi bado ilikuwa inaelea bandarini, watu wakapanda mashua wakawa wanaipiga kwa makasia izame isije mtu akaikausha.

Mana wezi walikuwepo. Yupo mmoja aliitwa Charles Conner, kajaza chai kwenye bitana ya koti lake, Hewes alikuwa anamfahamu akamwona akapiga kelele akamdaka kwa pindo la koti, likachanika. Jamaa alipita katikati ya watu akila mateke mpaka mwisho wa gati, na koti lake kesho yake likapigiliwa misumari Charlestown kwenye nguzo ya kuchapia wahalifu. Fundi viatu aliyefungwa kwa deni la koti ndo huyo kachana koti la mwizi. Kuna mwingine anaitwa John Crane, seremala, aliangukiwa na mzigo wa kapi akazimia, wenzake wakadhani kafa wakamficha chini ya takataka za randa kwenye karakana ya jirani, waliporudi wakamkuta anapumua.

Admirali Montagu alikuwa amelala nyumba ya jirani na gati na aliyaona yote dirishani. Hakuamuru mizinga, na maelezo yake baadae ni kwamba angeua watu wengi wasio na hatia. Hewes anasimulia kwamba walipopita chini ya dirisha admirali aliwaambia mmefurahia ngoma yenu lakini mpiga ngoma lazima alipwe, na Pitts akamjibu shuka basi tulimalize sasa hivi. Dirisha likafungwa.

Sasa suala la Hancock. Hewes mpaka anazeeka alishikilia kwamba usiku ule alisaidiana na John Hancock kutupa sanduku, akamtambua kwa sauti na kwa lesi za mikono ya shati. Wanahistoria wengi hawakubali, na mimi pia sikubali, mtu tajiri kuliko karibu wote mjini hawezi kuacha ushahidi safi wa kuwa kanisani aje ajipake masizi. Ila sioni kama mzee alidanganya. Alipokuwa kijana alimrekebishia Hancock kiatu, akaalikwa aje siku ya mwaka mpya kumpa mkono, akaenda huku anatetemeka, akanyweshwa kwa heshima akapewa na hela. Mtu aliyewahi kuogopa hata kukaa kwenye kiti cha yule tajiri, miaka sitini baadae anamkumbuka wako bega kwa bega wanabeba sanduku moja. Kumbukumbu yake ilimpeleka Hancock mahali ambapo yeye Hewes aliamini kila mtu alikuwa sawa.

Revere yeye anatajwa kwenye orodha za walioshiriki na kesho yake akapanda farasi kupeleka habari New York. John Adams, binamu yake Samuel, hakuwepo melini, aliandika kwenye shajara tarehe 17 kwamba tendo lile lina heshima na utukufu, huyuhuyu aliyewatetea mahakamani wale askari wa 1770. Na waliokuja kuwa wakubwa zaidi hawakupenda kabisa. Benjamin Franklin, akiwa London, aliliona ni tendo la dhuluma na akawashauri Boston waifidie kampuni. George Washington kwenye barua ya Juni 1774 alisema wazi hawaungi mkono Boston kuharibu chai, ila suala la Boston sasa ni suala la Marekani yote.

Nini kilibadilika mpaka Washington akasema hivyo? Adhabu. Swali muhimu kwenye kisa hiki ni kwa nini kulipuka iwe Boston peke yake wakati chai ilipelekwa bandari nne. Philadelphia meli yao, Polly, walimzuia nahodha Ayres kabla hajaandikisha mzigo forodha, akapewa chakula na maji akageuza, siku 20 hazikuwahi kuanza kuhesabika. Charleston hawakulipa ushuru, siku zikaisha, forodha ikaikamata chai ikaifungia stoo, ikakaa, na baadae wanamapinduzi waliiuza wakapata hela za vita. Yaani chai ya mfalme ikanunua baruti. Kwa hiyo njia za kutokea zilikuwepo. Boston mlango ulifungwa ile siku Dartmouth ilipoandikishwa, na ukakomelewa na gavana ambaye kisheria alikuwa sahihi kabisa! Hutchinson hakuvunja kifungu hata kimoja. Mi namlaumu kwa hilo zaidi kuliko kwa watoto wake, alikuwa na pasi mezani ambayo ingemgharimu aibu ya wiki moja, akachagua kuwa sahihi.

London wakajibu kwa hasira. Bandari ya Boston ikafungwa kuanzia tarehe 1 Juni 1774 mpaka kampuni ilipwe, baraza la jimbo likanyang'anywa madaraka, Jenerali Gage akaletwa awe gavana, makao ya serikali yakahamishiwa Salem. (Salem hiyohiyo ambayo miaka sitini mbele wafanyabiashara wake ndio walijaa Unguja wakatuletea kitambaa tukakiita merikani.) Mji mzima ukaadhibiwa kwa kazi ya usiku mmoja ya watu 150, walioshiriki na wasioshiriki, mchuuzi wa samaki na mjane wa kupangisha vyumba, na makoloni mengine yakaanza kutuma mchele na kondoo Boston. Septemba wajumbe wa makoloni wakakutana Philadelphia. Aprili 19, 1775 risasi zikalia Lexington, vita vya uhuru vikaanza. Zile pauni 9,659 hazikulipwa mpaka leo.

Hutchinson aliondoka siku ileile bandari inafungwa, alidhani anaenda London kushauriana kidogo kisha arudi nyumbani kwake Milton. Hakurudi. Nyumba ikataifishwa, yeye akafa Uingereza mwaka 1780. Kina Rotch waliendelea na nyangumi wao, na vita vilipoisha mwaka 1783 meli iliyopeleka bendera ya Marekani kwa mara ya kwanza mto Thames inasemekana ilikuwa Bedford, ya William, kaka yake Francis. Ilibeba nini? Mafuta ya nyangumi.

Hewes yeye Januari 1774, hata mwezi na nusu haujaisha, alimkuta barabarani afisa wa forodha John Malcom anamtishia mtoto kwa fimbo, akamkemea. Malcom akamwita mhuni, Hewes akamjibu hata hivyo mimi sijawahi kupakwa lami na manyoya (Malcom alishafanyiwa hivyo mji mwingine miezi michache kabla), akapigwa fimbo ya kichwa akazimia. Aliyemtibu ni daktari Joseph Warren, yule aliyekuja kufa kwenye mapigano ya Bunker Hill, akamwambia una bahati, fuvu lingine lingepasuka. Usiku huo umati ulimtoa Malcom nyumbani ukampaka lami tena. Vita vilipokuja Hewes akaenda kwenye meli na kwenye mgambo, akarudi maskini kama alivyoenda, akahamia New York na wanawe na akasahauliwa miaka hamsini. Hata jina la karamu ya chai lilikuwa halijazoeleka, watu walisema tu kuharibiwa kwa chai, hiyo karamu imeanza kuandikwa miaka ya 1820 na 1830.

Mwaka 1835 wakamkumbuka. Wakamleta Boston, wakamzungusha kwenye sherehe za tarehe 4 Julai, wakamchora picha akiwa na mkongojo na uso wa kuchangamka, na picha wakaipa jina la Mzee wa Miaka Mia. Alikuwa na kama 93. Miaka mitano baadae, tarehe 4 Julai tena, gari la farasi lilikuja mlangoni kumchukua kwenda sherehe, akateleza wakati anapanda akaumia, akafariki Novemba.